Disketi Zilizosomeka Thika Tu

Brayo, siku ile niliyokuja kukabidhi funguo za karakana ulikuwa unatengeneza flashi ya kuwekea kompyuta mfumo, mguu mmoja juu ya stuli, chapati mkononi. Mstari wa kijani kwenye kioo ulipojaa ukaichomoa, ukaanza kunung'unika.

"Mathe, sasa lazima niende kwa yule jirani wa fotokopi kuijaribu tena? Si nimeiona ikifanya kazi hapa hapa? Hii sheria ilitoka wapi?"

Nilicheka, nikaondoka bila kukujibu. Jibu lilikuwa refu na chapati yako ilikuwa inapoa. Sasa niko nyumbani, nimestaafu, na kuku hawahitaji mtu wa kuwaangalia kutwa nzima. Nakujibu kwa maandishi, wewe na wenzako. Ya vyeo sitaandika, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye kiti na mwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikalia ndoo muda mrefu na sikuumia.

Niliingia kwa Fundi Ramadhani miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Karakana ilikuwa pale Thika, nyuma ya maduka ya nguo, chumba kimoja chenye mlango wa mabati wa rangi ya samawati. Upepo ukitoka upande wa kiwanda cha ngozi tulifunga dirisha. Ukitoka upande wa waoka mikate tulilifungua, tukasogea karibu.

Fundi alikuwa mtu wa Majengo. Babake alitoka Kondoa, mamake alikuwa Mkamba, na yeye alisema amechanganywa vizuri kuliko saruji. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza mashine za taipu. Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, wenzake walizikasirikia. Yeye aliifungua moja, akachungulia ndani, akasema, "Haya, huyu ni mtoto wa taipu aliyesoma," akaendelea na kazi.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Binti, unajua nini kuhusu mashine?"

"Sijui kitu. Lakini nataka kujua zinawaza nini."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Mimi hazijawahi kuniambia. Chukua brashi."

Basi nikachukua brashi. Mwezi mzima nilikuwa napangusa vumbi, na huku naota. Niliamini kabisa kwamba ndani ya kompyuta kuna kitu kama mji unaowashwa taa jioni. Aliponiruhusu kufungua ya kwanza nilikaa nikiikodolea macho. Fundi akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia ule mji. Akachungulia pamoja nami, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Mji gani huu, hauna hata hoteli ya chai."

Sasa nieleze kazi yenyewe. Wakati huo hakukuwa na flashi. Mfumo, yaani ile programu inayoiamsha kompyuta na kuiambia yeye ni nani, ulikaa kwenye disketi. Hizi ni bapa za plastiki za mraba, zinaingia mfuko wa shati. Mfumo mmoja ulijaza disketi kadhaa, na ya kwanza ndiyo ilikuwa na siri, tukiiita disketi ya kuwashia. Ulikuwa huwezi kuitengeneza kwa kunakili faili tu. Kwanza ulitoa amri ya kuiandaa pamoja na mfumo, ili yale mafaili yaliyofichwa yakae mahali pake hasa, pale ambapo kompyuta huangalia kwanza ikiamka. Fundi alinifundisha hivi: "Faili za kawaida ni wageni. Wageni hata wakiwa mia, hakuna wa kufungua mlango. Lazima mwenyeji alale ndani." Brayo, hata flashi yako ni vivyo hivyo. Ule mstari wa kijani, kazi yake kubwa ni kumlaza mwenyeji.

Tulikuwa na kompyuta moja ya karakana. Tuliiita Bibi, kwa sababu ilikuwa nzito, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, na haikupenda kuharakishwa. Disketi zetu zote zilitengenezwa na draivu ya Bibi, ule mdomo unaokula disketi. Na tulikuwa na utaratibu wetu. Mteja akileta kompyuta yake, hatukuiwekea disketi. Tuliichomoa diski ngumu iliyo ndani yake, tukaipachika kwa Bibi, Bibi akaiwekea mfumo, tukairudisha. Tabia hiyo Fundi alitoka nayo kwenye taipu. Kwenye taipu unaleta kipande kwenye meza ya fundi, hubebi meza kukipelekea kipande. Kazi ilienda hivyo miaka, wala hakuna aliyelalamika.

Ndipo akaja Mwalimu Njoki.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Alikuwa sekretari kiwandani kabla hawajapunguza watu. Baada ya kupunguzwa aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akaenda Nairobi kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa, akarudi na kompyuta tano. Alikuwa amekodi chumba Ruiru, juu ya kinu cha posho, afungue chuo cha kufundisha wasichana kompyuta. Shida ni kwamba zile kompyuta zilikuwa zimefutwa. Ukiziwasha zinakutazama tu.

"Fundi, Jumamosi wazazi wanakuja," alisema. "Wengine wanatoka mpaka Kahawa Wendani. Wameniambia wazi. Wakiona zinawaka na msichana anaandika, wanaandikisha. Wakiona masanduku, wanawapeleka watoto kushona. Na mimi ng'ombe sina tena."

Fundi akamuuliza kama tunaweza kuchomoa diski ngumu tuzilete Thika. Mwalimu alikuwa amebeba moja kwenye mkoba. Tulijaribu. Waya wake ulikuwa wa aina nyingine, mpana, haukuingia kwa Bibi hata kidogo. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe ilibidi disketi zetu za mfumo zisafiri. Fundi alikuwa na taipu za korti za kumaliza. Akazipanga disketi kwenye mkebe wa biskuti, akanipa.

"Nenda wewe. Weka ya kwanza, washa, fuata maneno. Ni kama kupika chai."

Brayo, nilijiona nimekuwa daktari. Alhamisi asubuhi nilipanda ngazi za Mwalimu Njoki na mkebe wangu kama mtu aliyebeba dawa ya kijiji kizima. Nikaweka disketi ya kuwashia kwenye kompyuta ya kwanza, nikawasha. *Krr. Krr-krr. Krr.* Kimya. Nikaenda kwa ya pili. *Krr-krr.* Zote tano zilikuwa na wimbo mmoja, na hakuna hata moja iliyoandika neno kwenye kioo.

Mwalimu Njoki alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha kufutia vioo. "Ni kawaida?" akauliza.

"Zinajitayarisha," nikasema. Hazikuwa zinajitayarisha.

Chini yetu kinu kilikuwa kinasaga, sakafu inatetemeka, unga mwembamba umetanda kila mahali. Nikaona hapo ndipo penye shida. Mwalimu Njoki akatoa kichwa dirishani, akamwita mwenye kinu.

"Baba Kimani! Zima hiyo kinu kidogo, kompyuta zinakohoa!"

"Mwalimu, na hawa wamama niwaambie nini? Ati kuna kompyuta imelala?"

"Kidogo tu!"

"Haya, nimezima. Lakini zikikataa tena usiseme ni mimi!"

Kinu kikanyamaza. Wale wamama wakapanda ngazi na madebe yao ya mahindi kuja kuona kilichowasimamisha. Nilipangusa draivu zote kwa brashi na spiriti, nikarudia. *Krr-krr-krr.*

"Kumbe si unga," mama mmoja akasema.

"Pengine inataka kusalimiwa kwanza," akasema mwingine.

"Wee, msalimie basi, wewe ndiye mkubwa."

Wakacheka, wakashuka, na kinu kikaanza tena. Mwalimu Njoki hakucheka. Alikuwa anazikunja pembe za kile kitambaa, moja baada ya nyingine, kisha anazikunjua. Moyo uliniuma, lakini pia kitu kingine kiliniwasha. Kompyuta tano haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Ndugu watano wakikataa chakula kimoja, si huwa unaangalia sufuria?

Nikamuuliza, "Mwalimu, una disketi yako yoyote? Hata kama haina kitu."

Alikuwa na moja kwenye mkoba, ya mazoezi ya kuchapa aliyohifadhi kutoka kiwandani. Haikuwa na mfumo, na nilijua haiwezi kuwasha kompyuta. Nilitaka tu kusikia. Nikaiingiza. *Trr.* Sauti laini, kama mtu anayefunua ukurasa. Na kwenye kioo yakatokea maandishi meupe, ya kwanza siku ile. Kompyuta ilikuwa inasema kwamba disketi hii haina mfumo, weka nyingine.

Mwalimu Njoki akasonya. "Sasa imekataa na ya kwangu."

"Hapana, Mwalimu! Imeisoma! Imeisoma yote ikaona hakuna mfumo. Yetu hata haiioni. Draivu zako ni nzima."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo shida ni sisi."

Sijawahi kutamka maneno hayo kwa furaha kama siku ile. Nikaomba disketi yake, nikarudi Thika. Fundi alikuwa anafunga taipu ya mwisho. Sikumsalimu hata vizuri. Nikamwekea Bibi disketi ya Mwalimu Njoki.

*Krr-krr-krr.*

Fundi aliinua kichwa. Masikio yake yalikuwa ya taipu, aliweza kujua herufi iliyolegea akiwa barabarani. "Hiyo ni disketi ya nani?"

"Ya Ruiru. Kule inasomeka kwenye kompyuta zote. Na zetu kule hazisomeki hata kwenye moja. Fundi, nafikiri aliye tofauti ni Bibi."

Alivuta kiti, akakaa, akaiangalia ile draivu kama mtu anayemkumbuka jirani wa zamani.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Nilimwinamisha."

Akanieleza. Zile disketi za kwanza za mfumo, mama wa disketi zetu zote, alizipata kwa mteja aliyekuwa anahamia mbali, na ziliandikwa na draivu iliyopinda. Ndani ya draivu kuna kichwa kidogo kinachosoma mistari ya duara kwenye disketi. Kikikaa kando kidogo, kinaandika kando, na mwenye kichwa kilichonyooka hawezi kusoma. Bibi alishindwa kuzisoma. Fundi hakuwa na nyingine. Basi akashika bisibisi, akazungusha skrubu ya kichwa unywele kwa unywele, anasikiliza, anazungusha, mpaka sauti ikalainika.

"Alikuwa hasikii, nikamwinamisha kichwa akasikia. Kisha nikasahau. Tangu hapo kila tulichoandika kimeandikwa na kichwa kilichoinama, na sisi hatutoki hapa, tungejuaje?" Ghafla akajipiga paji la uso. "Yaa Rabi! Na yule mwalimu mkuu aliyeleta disketi zake Bibi akashindwa kuzisoma, nikamwambia zimeshika kutu!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya Bibi.

"Sasa tumnyooshe?" nikauliza.

"Nikimnyoosha leo, atasoma ya Njoki na hatasoma zetu. Mfumo wenyewe utakuwa bubu. Na nikimwacha, Ruiru hawatamsikia."

Hapo ndipo nilipomkumbuka cucu, nyanya yangu. Kakangu alipooa Machakos, cucu hakujua Kikamba na wazee wa kule hawakujua Kikuyu. Tulimkalisha katikati shangazi mmoja aliyeishi pande zote mbili. Hakuna aliyelazimishwa kubadilisha ulimi wake.

"Fundi, kwani kompyuta ina mdomo mmoja tu?"

"Ina nafasi ya midomo mi..." Hakumaliza. Alisimama. "Binti! Leta bisibisi."

Mpango ulikuwa huu. Tung'oe draivu ya Bibi, tuipeleke Ruiru, tuifunge kwenye kompyuta moja ya Mwalimu Njoki, kando ya draivu yake iliyonyooka. Iliyoinama isome disketi zetu, iliyonyooka iandike disketi mpya. Zikitoka hapo zitakuwa zinasomeka popote.

Kulikuwa na hofu moja, na Fundi aliisema wazi. Ile skrubu aliiweka kwa sikio. Ikisogea kidogo njiani kwa mtikisiko, hana alama ya kuirudishia. Disketi za mama zingenyamaza, na kazi yetu ya Thika ingekwisha pamoja na ya Ruiru. Akaiangalia kwa muda. "Ingekuwa taipu ningeifunga kwa tone la rangi."

Mimi nilikuwa na rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu, niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Nikaitoa. Fundi akaichukua, akaitikisa, akapaka kichwa cha skrubu kwa brashi ile ndogo bila kugusa chochote kando, kisha akaipulizia ikauke.

"Umewahi kupaka?" nikamuuliza.

"Nina mabinti wanne. Unafikiri mimi hupona?"

Ijumaa asubuhi tulienda wote wawili. Draivu ilikaa kwenye kiondo changu, imefungwa leso ya mke wake. Mwalimu Njoki alipotuona tunaifungua mezani, ile skrubu nyekundu ikimeta, akaniangalia mimi, akamwangalia Fundi.

"Hiyo ndiyo nini, imejipamba?"

"Huyu ni mkalimani," Fundi akasema. "Mpe nafasi."

Tulifunga. Niliweka disketi ya kuwashia kwenye draivu ya Bibi. Baba Kimani akapaza sauti kutoka chini, "Mwalimu! Nizime?" Mwalimu akamjibu, "Zima!" na kinu kikanyamaza bila ubishi. Nikawasha.

*Trr.*

Maandishi meupe yakapanda kwenye kioo, mstari kwa mstari, na mwisho kile kimstari kinachopepesa, kinachosubiri uandike. Mwalimu Njoki alifunika mdomo kwa kitambaa cha vioo. "Ngai wakwa, Mungu wangu."

Lakini hiyo ilikuwa kompyuta moja. Nikaweka disketi tupu kwenye draivu iliyonyooka, nikaandika amri ya kuiandaa pamoja na mfumo, mwenyeji alale ndani. Midomo miwili ikaanza kazi, mmoja unasoma, mwingine unaandika. Ya kwanza ikaisha, na ya pili. Ya tatu ikakwama katikati. Kompyuta ikauliza tuache au tujaribu tena.

"Jaribu tena," Fundi akasema.

*Krr.* Ikauliza tena. Nilimwona Mwalimu Njoki ametazama dirishani, kule ambako wazazi wangetokea kesho yake. Fundi akaweka kiganja juu ya draivu, kama unavyompima mtoto homa.

"Imepata joto. Tumwache apumue."

Tukamwacha. Tulikunywa chai ya Mwalimu Njoki, na hakuna aliyejua ladha yake. Kisha nikabonyeza tena. *Krr... trr.* Ikapita. Nilipiga kelele, na chini wale wamama wa mahindi wakajibu kwa vigelegele wasijue ni vya nini.

Disketi mpya zilipokamilika, Fundi hakuniruhusu kufurahi bado. "Hapa iliandikwa, hapa itasomeka. Hata sisi Thika tulijidanganya hivyo. Mpelekee mgeni." Nikaibeba ile ya kuwashia hadi kompyuta ya mwisho, ya pale karibu na mlango, ambayo haikuwa imewahi kukutana na Bibi. Nikawasha.

*Trr.*

Hiyo ndiyo sheria, Brayo. Ilizaliwa hapo. Kufikia jioni kompyuta zote tano zilikuwa zimewekewa mfumo.

Jumamosi wazazi walikuja, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Baba mmoja aliyekaa mbele, fundi wa mawe, mikono ameikunja, alisema, "Sasa Mwalimu, tuonyeshe." Mwalimu Njoki aliziwasha zote kwa mpangilio kuanzia mlangoni, na vioo vyote vikaandika. Akamwita msichana wa yule baba, Wanjiku, akamwonyesha mahali pa vidole. Msichana akatafuta herufi moja moja, akaandika jina lake. Likaonekana juu pale, kubwa, jeupe.

Yule baba alikunjua mikono. Alisimama, akaenda mpaka kwenye kioo, akasoma polepole akigusa kila herufi. Kisha akamwambia binti yake, "Andika na langu."

Mwalimu Njoki alitoka nje kwenye ngazi. Nikamfuata, nikamkuta anafuta macho kwa kile kitambaa. "Ni unga," akaniambia. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi.

Tulirudi Thika, tukairudisha draivu kwa Bibi, na kando yake tukafunga nyingine iliyonyooka. Nilidhani Fundi angeinyoosha ile ya zamani. Hakuinyoosha. Alisema kuna watu ambao barua zao na hesabu zao tuliwahifadhia kwa kichwa kilichoinama, na siku wakizileta lazima awepo wa kuwasikia. Walizileta kweli, mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Yule mwalimu mkuu naye aliitwa, akasomewa disketi zake zenye kutu, akanywa chai.

Fundi Ramadhani alishatangulia mbele ya haki. Bibi mwenyewe tulimuuza kama chuma. Lakini draivu yake iko hapo karakanani kwenye rafu ya juu, ndani ya mkebe wa biskuti, nyuma ya zile kibodi mbovu mnazosema mtatengeneza. Siku mkisafisha, ipanguse vumbi taratibu. Utaona skrubu moja nyekundu. Usiiguse. Halafu uchukue flashi yako uende kwa jirani.